Siku Saba za Kuazima

Kuisma wa dukani amenipa siku saba.
"Kiunge, kisikilize, kikikushinda kirudishe,"
akakifunga blanketi kama mtoto wa wenyewe,
nami nikakipakata kwenye basi namba tatu
hadi ghorofa ya nne, Tampere, Februari,
theluji ikinisindikiza mpaka mlangoni.

Ni kikuza sauti cha mwanzo,
kile kinachopokea mnong'ono wa sindano
kabla amplifaya haijaupa misuli;
karani wa mapokezi, anayesikia shida yako kwanza
kisha anaipeleka ndani kwa mkubwa.
Karani wangu wa zamani ana miaka thelathini na moja kazini.
Ukizungusha kitufe chake hukwaruza
kama panya ndani ya gunia,
na upande wa kushoto, chini ya kila muziki,
kuna mvumo: mm, mm,
kama mtu aliyesahau maneno.
Nilivumilia. Kisha nikaacha kuvumilia.
Mambo haya hayana tarehe.

Kipya ni cheusi, kimya, hakina hata taa ya kujitapa.
Usiku wa kwanza nilimsikia mpiga selo akivuta pumzi
kabla upinde haujagusa uzi.
Santuri ile ninayo tangu nina nywele;
sikujua kuwa yule mtu ana pua.
Nikamwita Irmeli. Akaja na mikono ya unga.
"Kweli anapumua," akasema. "Tena ana mafua. Bei gani?"

Nikamtajia.

Akarudi kwenye unga wake.

Alhamisi akaja na hukumu:
"Geukia ukuta. Mimi nitahamisha waya,
wewe utaniambia kipi ni kipi."

Miaka ishirini na sita nilitengeneza mashine za kufuma
kwenye kiwanda cha pamba kando ya maporomoko,
mashine mia mbili zikisaga meno kwa pamoja,
sisi tukisemezana kwa midomo na vidole.
Binti yetu Saila, anayepima watu masikio,
alinichorea mstari wa usikivu wangu:
unakwenda vizuri, vizuri, halafu unaporomoka
kama mtu aliyekosea ngazi gizani.
Mlio wa popo, jani kavu,
ile "s" ya mwisho kwenye majina ya wajukuu,
vyote vilibaki kiwandani.

Nikageukia ukuta.
"Hiki ndicho kipya." Sicho.
"Basi hiki." Sicho.
Mara tano; nikapata mbili.
Hata sarafu ingenishinda.

Irmeli hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.
"Nilikuwa nausubiri mvumo," nikajitetea,
"mvumo ungekisaliti kile cha zamani."
"Ah, ule?" akajibu kutoka nyuma ya rafu,
magoti yake kwenye vumbi langu.
"Waya wa kushoto ulikuwa umelegea.
Niliusukuma kabla hatujaanza."

Miaka mingapi? Sikuhesabu.

Usiku nikarudisha cha zamani, peke yangu,
nikaweka ile ile santuri,
nikainama kama mwizi kwenye tundu la ufunguo,
nikasubiri pumzi.
Ilikuwepo.
Au nilikuwa nimeshajua inakokaa,
na sikio likishaonyeshwa mlango
haliwezi tena kujifanya mgeni.
Kuna swali ambalo hakuna duka linaloazima jibu lake:
je, siku zote ilikuwepo
nami sikuwahi kukaa kimya kiasi cha kutosha?

Leo Jumamosi. Blanketi limekunjwa juu ya meza.
Nimeshaamua mara nne:
mara mbili kitandani, mara moja nikinyoa,
mara moja kwa sauti, mbele ya friji.
Hesabu yake ni mbili kwa mbili.

Jioni nikalala kwenye kiti, selo ikiendelea,
sijui kwa kifaa gani; Irmeli ndiye aliyewasha.
Mtu akapita nyuma yangu kupunguza sauti
kwa heshima ya jirani, Bibi Vuokko.

Kikakwaruza.

Nami, macho yamefumba, bila kugeuka,
nikajua ni kipi.