Kiwiko

Miezi mitano, Danguolė, tuliandikiana.
Wewe: "Mfumo uwe mwepesi."
Mimi nikapunguza uzito wa picha,
nikaipangua hifadhidata, nikaipanga upya,
ukurasa ukafunguka kabla kope haijagusa kope.
Ukajibu: "Bado mzito."
Nikakutumia grafu.
Ukanyamaza wiki nzima.

Mkutanoni, Rimvydas wa mauzo
alikitafsiri kimya chako kuwa ridhaa.
Tukatia saini, tukagonga glasi za juisi ya tufaha.
Waraka wa mahitaji: kurasa arobaini na moja,
na neno "unga" halimo hata mara moja.

Kisha ile simu ya Februari, saa kumi alfajiri.
Hukusalimu. "Njoo uone," ukasema, ukakata.

Nikaja. Kaunas imeganda, barafu ya mto Nemunas
ikisagana kama meno ya mtoto usingizini.
Mlango, joto, harufu ya mkate mweusi,
na wewe, mikono imezama kwenye kinyunya,
hospitali ikipiga simu: mikate sitini, si arobaini,
na kitufe changu kizuri cha kijani,
kidogo kama punje ya kisibiti,
kikikungoja ukutani.

Ukakigusa kwa kiwiko. Kikafunguka kingine.
Ukanawa. Ukajifuta. Ukabonyeza. Ukarudi.
Donge limeshaota ngozi.
Nilihesabu: mara kumi na tisa
kabla dirisha halijawa na rangi.

"Mwepesi," ukasema bila kunitazama,
ukainua mikono yako miwili, mizito, myeupe,
ukaiacha hewani
mpaka nikaisoma,
mimi nijuaye lugha saba za kompyuta.

Ndipo nikauliza swali langu la kwanza tangu Septemba:
"Huwa unasimama wapi?"
Ukacheka, unga ukaruka.
Ukanionyesha pale sakafu ilipolika.

Kompyuta ilibaki begini.
Nilibandika karatasi ya kuokea ukutani,
ukaipiga kiwiko mara nne, ukiwa umegeukia tanuri,
na madoa manne yakapandana
yakawa moja, pana kama sahani.

Ndio ukurasa wetu wa arobaini na mbili.
Hauna neno. Ukiukunja, unamwaga unga mezani.
Rimvydas anauliza tuupe kichwa gani.
Sijamjibu.

Na bado kuna suala la risiti:
unasema ziwe "fupi,"
nami nimeshanunua tiketi ya basi la usiku.