Cibalonza Mara Tatu

Kituo cha afya, Cimpunda. Mvua juu ya mabati,
umeme umekuja saa nane mchana, kama mgeni asiyevua koti.
Nafungua jedwali, namkuta mama mmoja mara tatu:
Cibalonza kwa C,
Chibalonza kwa mkono wa karani aliyesomea Uvira,
Tshibalonza kwa kalamu ya masista.
Tarehe moja, kilima kimoja, simu moja isiyoita.

Orodha ilimgawia vyandarua vitatu.
Alichukua kimoja. Viwili vilisainiwa na mtu
ambaye mpaka leo hatujamwuliza vizuri.
Na nyumba mbili za mwisho, kule chini kwenye matope,
zikalala na mbu wao.

Makosa mengine ni yangu. Mtandao ulikwama,
kidole kikachoka kungoja, kikabonyeza tena,
na mtoto mmoja wa Funu akazaliwa upya
sekunde nne baada ya kuzaliwa.

Nikasema: kabla ya kuandika, tuulize. Yupo?
Siku tatu tulijiona werevu.
Kisha Mushagalusha dirisha la kushoto, mimi la kulia,
baba kwake, mama kwangu, mtoto yule yule.
Tukauliza pamoja. Jedwali likatujibu pamoja: hayupo.
Tukaandika pamoja.

Kuuliza mlangoni si kufunga mlango.

Basi nikatia sharti ndani ya jedwali lenyewe,
kwenye mifupa yake, si kwenye ulimi wangu:
jina la mama, siku ya kuzaliwa, mara moja, basi.
Mstari wa pili ukija, urudi ulikotoka.
Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Jumanne akaja Nabintu, kitenge kimelowa,
mmoja mgongoni, mmoja kifuani.
Wa mgongoni nikamwandika.
Wa kifuani, jedwali likasema: huyu yupo tayari.
Hakuwa tayari kwa lolote. Alikuwa analia,
ngumi ndogo hewani, akiupinga ufunguo wangu.

Nikaongeza safu: wa kwanza, wa pili.
Safu nyembamba, tarakimu moja,
upana wa kutosha mtoto kupita.

Leo jioni nimewaunganisha akina Cibalonza.
Sindano za huyu, simu ya yule, mimba iliyoharibika
ambayo yule wa masista peke yake aliikumbuka,
vyote nikampa mmoja; kisha nikafuta wawili.
Kidole kilisita. Sijui kwa nini.

Mwenyewe alikuwa kwenye benchi, akingoja kadi mpya.
Nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayehesabu chenji.
“Miye niko mumoja tu, ile najua tangu zamani.
Lakini bale babili,” akauliza, akikaza kitambaa kichwani,
“mbele ya kubafuta, mulibaambia?”