Chumvi Nyingi

Gari hili limekula chumvi nyingi.
Si msemo. Kila Novemba malori ya manispaa
hupita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke,
na chumvi hupanda, taratibu, bila hodi,
ikaanza kutafuna kutoka tumboni.

Eskil alilala chali chini yake, ghalani,
akachomeka bisibisi kwenye sakafu.
Ikazama hadi mpini.
"Njoo uone," akasema. Nikainama, nikaona,
kupitia sakafu ya mama yangu, kofia ya fundi.

Saab 96, ya mwaka sitini na nane, kijani cha zeituni.
Gia kwenye usukani. Redio iliyoshika stesheni moja tu,
na hiyo moja ilikuwa ya Finland.

Watu wa huku Ångermanland hudhani baba alilipenda.
Hakulipenda. Alilitukana kila asubuhi ya baridi
kwa maneno yasiyofika kanisani.
Lilikuwa la mama, Ingegerd mkunga,
aliyeliendesha usiku wa manane, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
mkoba wake kwenye kiti cha abiria
umefungwa mkanda kama mtu.
Watoto watatu wa darasa langu walipokewa salama
kwa sababu lilikubali kuwaka.
Mara mbili lilikataa. Hizo hakuzisimulia.

Alipofariki, baba alilisukuma ghalani,
akalitukana mara ya mwisho, akafunga mlango,
na kwa miaka ishirini na sita hakuliuza.
Agosti tumemzika naye.

Eskil ameandika hesabu nyuma ya bahasha:
sakafu, matao ya magurudumu, breki, mabomba, rangi.
Kwa jumla ile ningeezeka nyumba upya,
na nyumba, kusema kweli, inavuja.
Kaka yangu Håkan kapiga simu kutoka Malmö:
"La kuvunda halina ubani, Ragnhild.
Mwite mtu wa vyuma chakavu."
Yupo pia bwana mmoja wa Umeå anayetaka milango tu, na vioo;
analo la kwake, anasema,
limekamilika isipokuwa ubavu.

Eskil akajifuta mikono, akauliza swali
ambalo sikulitarajia kwa mtu mwenye grisi masikioni:
"Unataka litembee, au unataka lirudi?
Kulitembeza naweza.
Lakini nikibadilisha kila kilichooza,
utabaki na jina na ufunguo."

Sikumjibu. Tukalivuta nje kwa trekta la jirani,
magurudumu yamegoma, yakichora mifereji miwili matopeni,
na mwanga ukaangukia ubavu wa kulia.

Mbonyeo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilirudi nyuma bila kutazama,
nikagonga nguzo ya sanduku la barua.
Mama alishuka, akapapasa bati, akasema, "Hm."
Tangu siku ile, miaka kumi na mmoja,
aliliegesha ubavu ule ukikaribia kugusa ukuta
ili baba asione.
Mimi nilipanda kwa kuvuka kiti chake,
sketi ikinasa kwenye breki ya mkono.

Ukuta. Nikageuka kutazama ghala.
Mabanzi upande wa kulia yalikuwa na mstari wa kijani
pale gari liliposuguana nayo siku baba alipolisukuma.
Ghala lina nafasi ya matrekta mawili.
Angeweza kuliweka popote.

Kumbe alijua.

"Sakafu," nikamwambia Eskil. "Na breki. Basi."
"Rangi?"
"Hapana."
Akauelekeza mkono kwenye ubavu. Nikatikisa kichwa.

Huenda ni ujinga. Paa litavuja msimu mwingine, nitatega ndoo.
Huenda theluji ikiyeyuka nitamtafuta yule bwana wa Umeå,
nimpe milango, nimpe na vioo.
Håkan sijamwambia bado.
Usiku huu nimelifunika turubai, nikaweka mawe pembeni,
nikaliacha katikati ya ua,
mbali na ukuta wowote.