Magharibi ya Dakika Arobaini

Kila saa kumi na mbili asubuhi swichi iliwapiga kofi.
Tak! Na samaki saba, wembamba kama funguo,
wakajirusha kwenye kioo
kama watu waliosikia mlango ukivunjwa.
Mmoja alitoka magamba ubavuni.
Nafuna, binti yangu, akaniuliza:
"Baba, kule mtoni nani alikuwa anawaamsha?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bisibisi.

Hapa Umoja, ghorofa ya nne, jua halichomozi.
Linajipenyeza kati ya ukuta wetu na nguo za jirani,
dakika kumi na moja, nimelipima,
kisha linakwenda kwa wanaolipa kodi kubwa.
Nikasema basi, asubuhi nitaitengeneza mwenyewe.

Nikashuka Luthuli na karatasi niliyoikunja mara nne.
Kithinji, mwenye vipande vya waya hadi kwenye ndevu,
akaisoma kama mfamasia:
transista, rezista ya kahawia, nyeusi, kijani,
kapasita nene kama kidole gumba.
"Unatengeneza redio?"
"Hapana. Machweo."
Akanitazama. Akapunguza shilingi ishirini.

Siri yake anaijua yeyote aliyewahi kukesha
akingoja maji ya mgao.
Rezista ni bomba linalodondosha.
Kapasita ni mtungi chini yake.
Mtungi hauna haraka, na ukiusukuma haujai upesi;
tone kwa tone,
na kadiri unavyojaa ndivyo taa inavyothubutu.

Lehemu ikayeyuka, ikafukiza ule ubani wa mafundi.
Transista ya kwanza niliiunguza:
kimoshi, harufu, shilingi themanini zikapaa.
Ya pili nikaibana kwenye kipande cha mfuniko wa sufuria
ipate pa kutolea joto lake.
Kadenyi bado anautafuta mfuniko. Msimwambie.

Asubuhi ile niliketi gizani na kikombe cha chai.
Mwanzo hakuna kitu.
Hakuna kitu tena.
Nikaanza kumlaani Kithinji kimoyomoyo,
kumbe maji yamekwisha kuwa na rangi ya maji ya mchele,
na samaki mmoja anatikisa pezi
kama mtu anayegeuka kitandani akijua leo ni Jumapili.
Hakuna aliyeruka.
Chai ilipoa mkononi mwangu.

Siku ya tisa, saa mbili usiku, transfoma ikalia mtaani.
Tak! Mtaa mzima.
Niliwasikia samaki kabla sijapata tochi:
ngo, ngo, kwenye kioo.
Ilikuwa wiki ile Kadenyi alipopata ujumbe wa simu
kutoka kiwanda cha nguo, maneno tisa,
miaka sita ikaisha akiwa anamenya viazi.
Aliendelea kumenya. Vilitutosha siku tatu.

Nikarudi Luthuli. "Machweo yameharibika?"
"Yamekatizwa."
Akanipa betri kuukuu ya pikipiki, ya mkopo.

Stima haikutuchelewesha. Ijumaa ikaondoka tena,
watoto wakapiga kelele kwenye roshani zote,
jengo la jirani likazimika kama limefunikwa gunia.
Chumbani mwetu, taa ya samaki
ikaanza kushuka, taratibu, bila kuulizwa na mtu.
Mama Wekulo wa chini alikuja kuomba kiberiti,
akasimama mlangoni, akasahau kiberiti.
Nafuna alihesabu dakika kwa vidole, akachanganyikiwa,
akaanza upya.
Samaki wakateremka mmoja mmoja
hadi kwenye changarawe, wakatulia.

"Na ile simu ya kiwandani," Kadenyi akasema gizani,
"ungeifunga hiyo rezista yako."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nikasogea nikakaa karibu naye,
bado palikuwa na mwanga wa kuona mikono yake,
kisha vidole tu,
kisha pete.