Tofauti ya Saa Moja

Saa ya mkononi sijaibadili.
Iko nyuma kwa saa moja tu,
hata kaka yangu Malkhazi aliponipokea Kutaisi
saa tatu usiku, mkono wangu
ulikuwa bado Taiz, saa mbili,
wakati Hanadi anapoiwasha jenereta na kuitukana
kwa Kiarabu nilichokielewa mwishoni mwishoni.

Malkhazi haulizi. Anaendesha.
Mto Rioni unatufuata gizani,
maji yote yale, yakienda zake,
na hakuna aliyepanga foleni na dumu.
"Umekonda," anasema tulipovuka daraja la tatu.
"Nawe umenenepa."
Basi, tumeshasalimiana.

Nyumbani taa zote zinawaka.
Ya ngazini, ya zizini,
ya chumba kisicho na mtu.
Nazima moja, nazima ya pili,
mama nyuma yangu anaziwasha.

Saa sita usiku, na hakuna aliyelala.
Mkate wa maharage, jibini, nyama ya moshi,
watu ishirini na watatu. Nimewahesabu kwa mazoea,
kama tulivyowahesabu wakishushwa kwenye pikapu:
nani anatembea, nani anabebwa, nani angoje.
Jirani yetu Zhuzhuna: anatembea, anachechemea.
Padri: anatembea, kwa sasa.

Baba akasimama na pembe ya divai.
Akawataja wafu wetu, mmoja mmoja,
akaitaja milima, kisha akanigeukia:
"Binti yangu, aliyekwenda kuiokoa dunia!"
Wakainywa dunia hiyo
hadi tone la mwisho.

Ilikuwa zamu yangu kujibu.
Nilikuwa na neno moja tu mdomoni: Abiri.
Miaka sita. Alikuwa na pipi ndani ya ngumi,
na tulipomaliza
(tulipomaliza, maana yake tulipoacha)
Hanadi aliifungua ngumi ile kidole kwa kidole,
polepole, asije akamwamsha.

Nikasema, "Asanteni. Chakula kitamu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilikwenda nikiwa mgeni,
nikidhani maneno hayo yananihusu mimi na kisu changu.
Hayasemi, mgeni akirudi kwao,
apone nani.

Kuna mti wa jozi juu ya paa letu la bati.
Nimekua chini yake. Naujua.
Lakini jozi ya kwanza ilipoanguka usiku ule
nilijikuta sakafuni, chini ya meza,
viatu mkononi, nikisikiliza ya pili itatua wapi.
Ikatua. Na ya tatu.
Mama akaja na gauni lake la kulalia,
akaniona, hakusema jina langu.
Akainama, magoti yakamlia,
akaketi sakafuni kando yangu
na bakuli na nyundo ndogo.
Tukazipasua jozi mpaka kukapambazuka.
Nyingine zilikuwa mbovu. Tukazila nzuri.

Asubuhi, langoni, Zhuzhuna
na ndoo ya zabibu, na goti.
"Limekungoja miezi tisa hili.
Nililiambia, tulia, wa kwetu atarudi."
Nikamkalisha kwenye benchi, juani.
Limevimba. Lina moto. Ndani maji yanacheza.
Vidole vyangu vilikuwa na haraka,
vikatafuta damu, vikatafuta tundu la kutokea,
havikuona.
Hakuna aliyekuwa akipiga kelele.
Hakuna pikapu.

Nikaitazama saa. Huku ni saa mbili.
Kule saa moja, Hanadi anafuta ubao,
anaandika majina ya leo.
Nikashusha mkono wa shati juu yake.

"Lilianza kuuma lini?" nikamwuliza.
Akafikiri. Akalikanda goti lake.
"Mwaka ule wa theluji kubwa," akasema,
"wewe hujazaliwa. Mume wangu alikuwa na ng'ombe mwekundu,
ng'ombe mkaidi huyo, sasa siku moja..."

Nikavuta kigoda.
Nikamwacha aanze na ng'ombe.