Rangi ya Barabara ya Lupembe

Fundi Ndelwa amenipangia vifuniko vya makopo
juu ya benchi la paina, kama mpiga ramli na kete zake,
ananiuliza: Mama Lutengano, tulivishe nini?

Gari lenyewe ni Korola, namba A,
jeupe tangu bandarini,
jeupe kwa wiki mbili za kwanza tu.
Kisha likaanza kunisema.
Wekundu ukifika vitasani, nimetoka Lupembe
kuchanja ng'ombe wa Mwalongo.
Weusi unaonata, hiyo Matamba,
na Matamba ndiko nilikozaliwa.
Mama mkwe husoma bodi kama gazeti,
hata salamu hajatoa:
"Kumbe leo ulipita kwenu."

Nyeusi?
Nyeusi ni ya mtu mwenye lami mpaka mlangoni kwake.
Septemba moja, upepo mmoja wa Makambako,
limekuwa sufuria iliyomwagikiwa unga.

Fedha, anasema, huvumilia vumbi.
Kweli. Lakini Juni sakitu ikililalia
hujui gari linaishia wapi
na baridi inaanzia wapi.

Kijani, mipaina ikipukutisha chavua,
hutoka na manyoya ya kifaranga.

Zimebaki ugoro, damu ya mzee, maji ya kunde.
Majina haya nadhani waliyatunga watu
waliokwisha kuchoka kufua.

Nami nimechoka, sioni haya kusema.
Aliyekuwa akiliosha ni Lutengano,
kila Jumamosi, ndoo mbili za Hagafilo,
mpaka vidole vinakufa ganzi;
na kabla hajamwaga hata tone
lazima kwanza aandike kwa kidole
kwenye vumbi la kioo cha nyuma:
MAMA ANADAIWA SODA.
Januari alikwenda Iringa, chuoni.
Ndoo zimelala kifudifudi.
Maji ya saa kumi na mbili mimi siyawezi,
yananiingia mpaka kwenye mifupa.

Ndelwa hakujibu kitu.
Aliinama chini ya madigadi, akabandua pande la tope,
kavu, nene kama gome,
akaliponda kwa nyundo, akalitemea mate kiganjani,
akatazama kiganja, akatazama makopo.
Nyekundu kipimo kimoja. Kahawia nusu.
Nyeusi, tone, tena tone la kusitasita.
Akakoroga kwa bisibisi.
"Hii haina jina," akasema,
"ila gari lako linaifahamu."

Siku nne nilitembea kwa miguu.
Ya tano nikalichukua, nikaenda nalo Kidegembye,
nikarudi nimepita kila dimbwi bila kukwepa,
kwa makusudi, kama mtoto mwenye mabuti mapya.

Mama mkwe akalizunguka mara mbili.
Akapangusa mlango kwa pindo la khanga,
akatazama pindo, akatazama mlango.
"Leo umeshinda nyumbani?"
Nikasema ndiyo.
Nikaona aibu kidogo,
na raha, nayo kidogo, ikakaa karibu na aibu.

Tangu hapo gari langu halina habari.
Linatoka, linarudi, rangi ni ileile;
kiangazi hakiongezi kitu, masika hayapunguzi.
Mtu angedhani sendi popote.

Isipokuwa kioo. Kioo Ndelwa hakukipaka,
na vumbi lote lililokosa pa kuonekana
limehamia huko.

Jana jioni, nikitoka josho, harufu ya dawa mikononi,
nilisimama nyuma ya gari muda mrefu
kuliko muda wa kufunga buti.
Kidole kikaandika chenyewe:
SODA IPO.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe palepale,
blanketi mabegani, mvuke ukimtoka mdomoni,
anasoma herufi moja moja.
Hakuniuliza nilikotoka.
Aliniuliza tu, chuo kinafunga lini.