Kitufe cha Kukataa

Nilimpata siku ya tatu ya mvua,
mvua ya ndani ya mchezo, maana nje, Odate,
theluji ilikwisha kulimeza dirisha la chini
na baba yuko barabarani na greda lake tangu saa tisa usiku.

Kaka yangu Kanata aliniambia: hapo, nyasi za kando ya mto.
Zunguka. Usikimbie, ukikimbia hawatoki.
Nikazunguka.
Panzi wa chuma. Panzi wa chuma.
Popo mwenye mwavuli. Panzi wa chuma.
Miguu chini ya meza yenye moto, blanketi hadi kifuani,
maganda ya machenza yakirundikana,
panzi wa chuma,
kisha yeye: mviringo, wa kahawia, sikio la kushoto limekunjika,
ananitazama kama mtu aliyefumaniwa jikoni.

Nilikuwa nimebakiwa na kibuyu kimoja cha kunasia.
Nikakirusha. Kikatikisika mara moja,
mara mbili,
nikabana pumzi, kana kwamba pumzi yangu ndiyo kizibo.
Tatu. Kimya.
Kitabu cha mchezo kinamwita Nukuro.
Mimi nikamwita Imo, yaani kiazi, kwa jinsi alivyo.

Ngazi ya kumi na sita kioo kikafifia, muziki ukakatika.
*Loo! Imo anabadilika umbo!*
Akaanza kumetameta, kingo zake zikayeyuka,
na Kanata, bila kuinua macho kwenye kitabu cha hesabu:
ukibonyeza kitufe cha kukataa anabaki hivyo hivyo.
Ila nani mjinga wa kufanya hivyo?

Nikabonyeza.

Ngazi ya kumi na saba akaomba tena. Nikabonyeza.
Kumi na nane. Kumi na tisa.
Alipigwa na kila aliyetaka kumpiga.
Nilimlisha matunda ya buluu, nikamrudisha vitani,
na hili wengi hawalijui: asiyebadilika
hujifunza mapigo mapema kuliko wakubwa wake.
Nilimwambia Kanata. Akasema, hizo ni hoja za wakaidi.

Sauti yake ilivunjika mwezi wa kwanza, mezani,
katikati ya neno "chumvi".
Ilipanda, ikateleza, ikaenda kuangukia mahali pa baba.
Mama alicheka. Mimi nilicheka zaidi.
Yeye alichukua bakuli lake akapanda nalo ghorofani,
na chumvi hakuna aliyempelekea.
Muziki haukukatika. Hakuna maandishi yaliyotokea
kumuuliza mtu yeyote chochote.

Mwezi wa tatu akaenda shule ya bweni, Sendai.
Mchezo wake aliuacha kwenye droo, betri zikivuja maji ya kijani,
wanyama mia na arobaini na watatu wamefungiwa humo,
kila mmoja katika umbo lake la mwisho.

Stesheni, treni ilipoondoka, mama alikwenda kutafuta choo.
Nikakaa kwenye benchi nikapigana na panzi, wa chuma bila shaka,
na Imo akapanda ngazi ya arobaini na moja.
Kioo kikafifia.
Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe.
Sikukubali. Wala sikukataa.
Glavu ilikuwa nene.

Aliyetokea ana mgongo wa kuvu na pembe mbili,
na mkia uliotoka nje ya kioo.
Hakunitazama. Wa namna yake hutazama kando,
ndivyo walivyochorwa.
Nikamgeuza huku na huku nikilitafuta lile sikio.
Chini yake pameandikwa, kwa herufi zangu: Imo.

Usiku simu ikalia, nikawahi kuinyanyua.
Sauti nzito ikauliza, "Amefika ngazi ya ngapi?"
Nikajibu kwa adabu, kama nilivyofunzwa,
kwamba baba hayupo,
yuko barabarani, anasukuma theluji,
na je, nimwambie ni nani aliyepiga?